Zahanati ni ya Nani? Kanisa, Serikali na Huduma ya Afya katika Wilaya ya Rungwe

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi kutaja majengo yaliyojengwa, kengele zilizopigwa, wachungaji waliohudumu na wazee wa kanisa waliolala katika Bwana. Ni vema na haki kufanya hivyo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya Kanisa katika nchi hii ya Konde ilifanyika mbali na madhabahu, kando ya kitanda cha mgonjwa. Hapo ndipo Kanisa na Serikali walipokutana mara nyingi zaidi; mara nyingine kama wenzi wa kazi moja, na mara nyingine kama watu wanaolazimika kupingana kwa heshima.

Makala hii inaeleza sehemu hiyo ya historia. Kiini chake ni swali ambalo kila kizazi cha wananchi wa Rungwe kimeliuliza kwa namna yake: mgonjwa anapofika zahanati akakuta hakuna dawa wala mganga, nani ataulizwa, naye anakaa wapi? Kama anakaa kijijini au wilayani, anaweza kufikiwa. Kama anakaa Dar es Salaam au Dodoma, kumfikia ni kazi nyingine.

Nchi isiyokuwa na mfalme mmoja

Wamisionari wa kwanza walipofika mwaka 1891, hawakukuta mfalme mmoja wa kumwomba ruhusa. Wanyakyusa walikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja chini ya malafyale wake. Tena utawala wenyewe haukuachwa ukue bila kikomo. Katika sherehe iliyoitwa ubusoka, malafyale aliyezeeka alikabidhi nchi kwa kizazi cha wanawe angali hai, na mara nyingi nchi ya baba iligawanywa kwa wana wawili. Hivyo mamlaka yalipaswa kugawanyika na kushuka kadiri miaka ilivyopita, na wakuu wa vijiji walikuwa na sauti ambayo malafyale hakuweza kuipuuza.

Katika nchi hiyo ndimo wamisionari wa aina mbili walimoingia mwaka ule mmoja. Wamoravian waliweka makao Rungwe, chini ya mlima. Wamisionari wa Berlin, ambao ndio baba zetu wa Kilutheri katika imani, wakiongozwa na Alexander Merensky, walijenga Wangemannshöhe, kisha Manow mwaka 1892 na Mwakaleli mwaka 1893. Mto Mbaka ukawa mpaka wao wa kazi: Wamoravian magharibi, Walutheri mashariki. Pamoja na Neno, wote walitoa dawa, maana watu waliokuja kusikiliza walikuja na vidonda na homa zao.

Kisha historia ilikifunza Kanisa hili somo ambalo baadaye lilikuwa na maana kubwa. Vita Kuu ya kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na sharika zikabaki mikononi mwa wazee na walimu wenyeji, zikisaidiwa na Waskoti kutoka Livingstonia hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ikawaondoa tena, na Walutheri wa Sweden na Marekani wakaja kushika kazi. Mara mbili katika muda usiofika miaka 30, waliokuwa wasimamizi waliondoka kwa amri iliyotoka mbali. Kazi haikufa, kwa sababu walikuwapo watu wa mahali pale walioihesabu kuwa kazi yao.

Dresa na Hazina ya Wenyeji

Serikali ya Kiingereza ilipotunga Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji mwaka 1926, ilikuwa na nia yake ya kutawala kwa gharama ndogo. Hata hivyo, mwaka huohuo ulianza mpango mmoja wa afya unaostahili kukumbukwa. Chini ya Dkt. John Shircore, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika, vijana waliteuliwa na Mamlaka za Wenyeji, wakafunzwa hospitalini kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida, kisha wakarudishwa kwao. Watu waliwaita madresa. Mshahara wa dresa na kibanda chake cha dawa vililipwa na Hazina ya Wenyeji, yaani kwa sehemu ya kodi iliyotozwa palepale.

Mpango huo ulikuwa na kasoro nyingi. Mafunzo yalikuwa mafupi, dawa chache, na madaktari wengi wa Kizungu waliwadharau madresa. Lakini ulikuwa na jambo moja jema: mlipa kodi alimjua dresa, alijua nani anamlipa, na alijua baraza la kupeleka malalamiko yake. Zahanati nyingi za serikali za mitaa zilizorithiwa wakati wa Uhuru zilichipuka katika mizizi hiyo.

Uhuru na mpango wa Taifa

Haki inadai kusema kwamba Serikali ya Uhuru ilipokea mzigo mkubwa mno. Mwalimu Julius Nyerere alizoea kukumbusha kwamba mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Hospitali za misheni zilikuwa sehemu kubwa ya huduma iliyokuwapo, lakini zilijengwa pale misheni ilipokuwa na mizizi, wala si lazima pale palipokuwa na wagonjwa wengi. Kulikuwa na wilaya zilizobarikiwa na wilaya zilizosahauliwa, na Serikali ya watu wote haikuweza kuridhika na hali hiyo.

Mwaka 1964 ilitolewa taarifa ya Profesa Richard Titmuss wa Uingereza na wenzake kuhusu huduma za afya Tanganyika. Ilishauri kwamba huduma zote, za Serikali na za mashirika ya dini, zipangwe kama kitu kimoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaelekeza nguvu vijijini, na tangu mwaka 1972 lengo likawa kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000 na zahanati moja kwa watu 10,000. Matunda yalionekana: zahanati ziliongezeka, chanjo zikaenea, na matibabu katika vituo vya Serikali yakawa bure. Waliozaliwa Rungwe katika miaka ile wanadaiwa shukrani kwa kazi hiyo, na historia ya kweli haiwezi kuikana.

Kanisa nalo, ambalo tangu tarehe 19 Juni 1963 lilikuwa limeungana na kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lilikubaliana na shabaha hiyo. Lililoleta mashaka lilikuwa njia iliyotumika kuifikia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikuwa imeziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali. Mwaka 1972 Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka uliotangulia, ilitaifishwa. Kila aliyekuwa na hospitali aliyaona hayo.

Madaraka Mikoani

Mwaka huohuo wa 1972 lilikuja badiliko lililoitwa Madaraka Mikoani. Jina lilitoa ahadi njema: kuyaondoa madaraka Dar es Salaam na kuyapeleka karibu na wananchi. Kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, wizara zilipeleka maofisa wake mikoani na wilayani, chini ya Wakurugenzi wa Maendeleo walioteuliwa na Serikali Kuu. Lakini halmashauri za wilaya, zilizokuwa na madiwani waliochaguliwa, zilivunjwa. Watawala walisogea karibu na mwananchi, lakini uwezo wake wa kuwauliza ukapungua. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, na wakulima wa kahawa, wa Rungwe wakiwamo, wakapoteza chombo kingine walichokuwa wamekijenga wenyewe.

Kwa zahanati maana yake ilikuwa hii. Zamani bati likivuja, mwananchi alimwendea diwani wake, naye diwani alikuwa na kikao, bajeti na kura za kuogopa. Sasa maombi yalipanda kwa mganga wa wilaya, yakaenda mkoani Mbeya, yakaenda wizarani, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Katika wilaya ambayo sehemu zake hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, bati linalovuja haliwezi kungoja mzunguko huo.

Ikumbukwe kwamba katika siku za chama kimoja upinzani haukuwa na jukwaa. Hapakuwa na mikutano ya hadhara ya kupinga mpango wa afya, na mtu aliyeupinga waziwazi angeweza kuhesabiwa kuwa anapinga Taifa. Waliopinga walifanya hivyo kwa kuendelea na kazi. Hospitali ya Walutheri ya Itete katika nchi ya Busokelo, Hospitali ya Matema kando ya Ziwa Nyasa katika eneo la Kyela lililokuwa zamani sehemu ya Rungwe, Isoko ya Wamoravian huko Ileje na Igogwe ya Wakatoliki, zote ziliendelea kuwa mahali ambapo bodi yake na wazee wake walijulikana kwa majina na wagonjwa.

Sheria ya mwaka 1977

Mwaka 1977 Bunge lilipitisha Sheria ya Hospitali Binafsi. Kwa sheria hiyo mtu binafsi hakuruhusiwa tena kuendesha hospitali kwa faida. Mashirika yaliyoidhinishwa, yakiwamo ya dini, ndiyo yaliyoweza kuendelea, kwa sharti la kutotafuta faida na kwa idhini ya Serikali. Nia ilikuwa kwamba ugonjwa usiwe biashara, na hapana Mkristo atakayesema nia hiyo ilikuwa mbaya.

Lakini matokeo yake yalikuwa magumu. Daktari aliyemaliza kazi ya mchana hospitalini hakuweza kufungua chumba cha kutibu jioni. Wengine walihama nchi. Wengine walitibu kwa siri. Mgonjwa akabaki na milango miwili tu, wa Serikali na wa Kanisa, na wa Serikali ulipokuwa mtupu, foleni yote ilihamia kwenye ule wa pili.

Hapa Kanisa linapaswa kujihoji. Sheria hiyo ilipopitishwa, mashirika ya dini yalikuwa upande wa walioachiwa kazi yao. Ni rahisi kwa aliyeachiwa kumnyamazia aliyezuiwa. Madaktari waliofungiwa milango walikuwa pia waumini wa sharika zetu na wa sharika za jirani, na mzigo wa sheria ile waliubeba wao zaidi kuliko taasisi za Kanisa.

Kipindupindu na boksi la dawa

Mambo mawili yalidhihirisha udhaifu wa kuongoza kila kitu kutoka katikati.

La kwanza ni kipindupindu kilichoenea nchini katika miaka ya 1977 na 1978. Miji ilikuwa imepoteza halmashauri zake. Takataka zilirundikana, mifereji ikaziba, na hapakuwa na chombo cha mji chenye wajibu wa wazi wa kusafisha. Serikali yenyewe iliona, na mwaka 1978 ikatunga sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Ugonjwa ulikuwa umesema lile ambalo wanasiasa hawakuthubutu kulisema.

La pili ni boksi la dawa. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, na zahanati nyingi zilibaki na rafu tupu. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmark kupitia DANIDA na usimamizi wa UNICEF, dawa muhimu zilipelekwa katika maboksi yaliyofungwa. Mpango huu uliokoa maisha ya watu wengi. Lakini boksi la zahanati lilikuwa na orodha moja kwa nchi nzima. Mwakaleli kwenye baridi, ambako kifua na kichomi ndivyo vinavyosumbua, ilipokea orodha ileile iliyopokelewa na bonde la Kyela lenye joto, mafuriko na malaria. Dawa moja iliisha kabla ya mwezi kwisha. Nyingine ikabaki hadi ikapita muda wake. Kosa hilo halikutokana na wizi wala ubaya wa moyo. Aliyepanga orodha hakuwa na njia ya kumsikia anayegawa dawa. Ilichukua miaka mingi, hadi baada ya mwaka 2000, utaratibu wa kila kituo kuagiza dawa kwa mahitaji yake ulipoenea.

Kukiri na kurudisha

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria za kurudisha Serikali za Mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zilianza tena kazi. Katika mwaka huohuo wa 1984 Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kuvunja Serikali za Mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa, na kwamba kama angeanza upya asingeyafanya hayo. Ni viongozi wachache duniani waliokiri hivyo wakiwa bado madarakani. Mwaka uliofuata, 1985, Bugando ilirudishwa kwa Kanisa Katoliki.

Mwaka 1991 sheria ya 1977 ilirekebishwa, na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua hospitali na zahanati zao. Februari 1992 Serikali ilitia saini Hati ya Makubaliano na Jumuiya ya Kikristo Tanzania pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki. Kwa hati hiyo Serikali iliahidi kutotaifisha tena taasisi za huduma za makanisa, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa kuratibu kazi ya afya na elimu. Yapo malalamiko ya ndugu zetu Waislamu kwamba hati ile iliyapendelea makanisa katika nchi isiyo na dini ya Serikali. Malalamiko hayo yasipuuzwe. Hospitali ya Kanisa inayopokea fedha za umma inawajibika kwa umma wote, na mgonjwa wa dini yoyote ana haki ileile kitandani.

Mwaka 1993 ulianza uchangiaji wa gharama katika hospitali za Serikali. Matibabu yaliyokuwa bure kwa miaka mingi yakawa na bei. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma walisamehewa kwa maandishi, lakini mzee maskini wa kijijini alipaswa kuthibitisha umaskini wake mbele ya mwenye risiti. Wananchi wengi walilalamika, na ilikuwa haki yao. Hata hivyo Kanisa halikuweza kusimama kama lisilo na doa: hospitali zake zilitoza ada miaka yote kwa kuwa ruzuku haikutosha. Tofauti ilikuwa kwamba mzee wa kanisa angeweza kusimama kwenye kikao na kusema kuwa fulani hana, naye akasikilizwa. Pale palipokosekana mzee wa namna hiyo, hospitali ya Kanisa haikuwa na huruma kuliko nyingine yoyote.

Mwaka 1994 Maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Bagamoyo, wakizungumzia demokrasia, rushwa na haki katika Taifa. Kanisa lililozoea kuzungumza na Serikali kimyakimya lilisema sasa hadharani. Sauti hiyo ilisikika tena mwaka 2018, katika ujumbe wa Pasaka wa Maaskofu uliogusa uhuru wa wananchi na utawala wa sheria, na ambao watumishi wa Serikali walidai uondolewe. Mafundisho ya Kilutheri juu ya tawala mbili, ule wa kiroho na ule wa dunia, hayakuwafundisha Wakristo kunyamaza. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linaheshimu mamlaka ya dunia kuwa mpango mwema wa Mungu. Na kinachoheshimiwa hivyo ndicho kinachostahili kuambiwa ukweli.

Karne mpya, swali lilelile

Tangu mwaka 1999, fedha za mfuko wa pamoja wa wahisani zilianza kupelekwa kwenye halmashauri, bodi za afya za halmashauri zikaundwa, na kila zahanati ikapaswa kuwa na kamati ya wananchi. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001, uliiacha kila halmashauri ipange kiwango cha mchango wake, na Serikali Kuu ikaongeza fedha kwa utaratibu wa tele kwa tele. Ilionekana kana kwamba dresa na Hazina ya Wenyeji wamerudi kwa jina jipya.

Lakini mkono wa katikati haukuwa mbali. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Wananchi walifurahi, kwa kuwa ilikuwa ikitozwa kwa ukali; halmashauri nazo zikapoteza sehemu ya mapato yao na kutegemea zaidi ruzuku kutoka juu. Kuanzia mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii uliboreshwa: mchango ukawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na usimamizi ukahamishwa kutoka halmashauri kwenda mkoani. Mwanachama akaweza kutibiwa mbali zaidi na kwao, jambo ambalo ni faida ya kweli. Wakati huohuo kikao cha kuulizia mfuko kikasogea kutoka Tukuyu hadi Mbeya. Kwa upande mwingine, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za afya zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kamati ya zahanati ikapata kitu cha kusimamia. Mageuzi ya nchi hii yamekwenda hivyo, mkono mmoja ukitoa na mwingine ukichukua.

Mwaka 2022 Serikali ilipeleka bungeni muswada wa bima ya afya kwa wote. Ulikusudia kumfungia asiye na bima baadhi ya huduma nyingine, kama leseni ya udereva. Wananchi na wabunge wengi walihoji: maskini atalipiwa na nani, na kwa nini ugonjwa uwe sababu ya kumnyima mtu haki nyingine? Muswada uliahirishwa, ukarekebishwa, na sheria ikapitishwa Novemba 2023. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia bei mpya za huduma, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama wake zikisema bei hizo hazitoshi. Mgonjwa mwenye kadi yake mkononi alisimama katikati ya wagomvi wawili.

Bima ya wote ni jambo jema, nalo ni mwendelezo wa ndoto ya mwaka 1967. Hakuna usharika wala halmashauri inayoweza peke yake kulipia upasuaji wa moyo au dawa za saratani. Ni mfuko wa Taifa zima unaoweza. Historia ya Rungwe haifundishi kwamba katikati ni pabaya na pembeni ni pazuri. Malafyale wa kale alikuwa karibu na watu wake, na bado aliweza kuwaonea. Inafundisha kwamba fedha zikusanywe kwa upana ili wenye nguvu wawabebe wanyonge, lakini hesabu itolewe karibu ili aliyeumia apate wa kumuuliza.

Swali kwa Kanisa lenyewe

Kanisa lililouliza swali hili kwa Serikali haliwezi kulikwepa linapoulizwa kwake. Katika miaka ya 2021 na 2022 Dayosisi ya Konde ilipita katika mgogoro mzito, na moja ya mambo yaliyobishaniwa hadharani lilikuwa makao makuu: yabaki Tukuyu au yahamie Mbeya. Kitabu cha shukrani si mahali pa kufukua majeraha, lakini wageni wa Dayosisi na washarika wote wanajua kwamba hoja ilikuwa ileile: mamlaka yakae wapi, na watu wa kawaida wasikilizwe vipi. Bodi ya hospitali ya Kanisa isiyosoma hesabu zake mbele ya washarika haina tofauti na mkurugenzi wa mwaka 1972. Muuguzi wa Kanisa anayecheleweshewa mshahara naye anauliza, na anastahili jibu kabla hajaamua kuhamia Serikalini, kama walivyofanya wenzake wengi.

Musa aliposhindwa kuwaamua watu peke yake toka asubuhi hata jioni, mkwewe Yethro alimshauri achague watu waaminifu wa kusimamia maelfu, mamia, hamsini na makumi. Mambo makubwa yaliletwa kwa Musa, na madogo yaliamuliwa pale yalipotokea. Musa hakupungukiwa na heshima kwa kufuata shauri hilo, na watu walirudi nyumbani kwao kwa amani.

Katika miaka mia ijayo zahanati zitabadilika sura, na huenda hata jina. Mama wa Mwakaleli aliyebebwa zamani kwa machela atapelekwa kwa gari, na kadi yake itasomwa kwa mashine. Washarika watakaosherehekea wakati huo watapaswa kujua jina la mtu atakayetoa jibu siku mashine itakapokataa, na kikao atakachopaswa kufika kulitoa.